Jino la Katikati

"Rudia tena," alisema Sajini Boga Chirau. "Anzia pale ulipoingia kwenye kona."

Karisa Kahindi alikuwa ameshayasimulia hayo mara nne tangu kulipopambazuka. Aliketi juu ya mkeka katika chumba cha mahabusu cha Kwale, bega lake la kulia limefungwa kitambaa, akasimulia mara ya tano kwa maneno yaleyale. Alikuwa akitoka Msambweni na lori la mbata za nazi la tajiri yake, Sefu Mwinyi, akielekea Likoni. Alipoukaribia mteremko wa daraja la Mkurumudzi alipunguza mwendo, akakata kona ya kushoto. Lori likaingia konani vizuri. Alipotaka kulinyosha, usukani ukakataa kurudi.

"Ulikataa vipi? Uliachia, ukazunguka bure?"

"La. Ulishika, kama kwamba mtu ameutia kabari. Niliuvuta kwa mikono miwili mpaka bega hili likateguka, na hauji. Lori likaendelea kukata kushoto, likaacha barabara." Karisa alilishika bega lake. "Bi Biasha alikuwa upande huo. Alikuwa amesimama pembeni kabisa, Bwana Sajini, mbali na njia ya magari. Alikuwa ametuachia barabara nzima."

Bi Biasha alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa Msambweni walipokewa na mikono yake, na siku alipozikwa watu walifunga maduka bila ya kuambiwa. Hii ilikuwa siku ya sita tangu ajali. Jumatatu Karisa angesimamishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kuua kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na hapakuwa na mtu barabara nzima ya kusini aliyemwonea huruma. Ndani ya lori kulikutwa kibuyu cha tembo la mnazi kilichopasuka. Mkaguzi wa magari kutoka Mombasa alilitazama lori mtaroni, akautikisa usukani, akaandika kuwa umekaza sawasawa na hauna ulegevu wowote. Boksi la usukani, aliongeza, lilikuwa limefanywa upya mwezi uliopita na fundi Abdurahman wa Msambweni.

Boga alikwisha kumuuliza dresa wa zahanati aliyemfunga Karisa bega. Nguo zilinuka tembo, alisema dresa, mdomo haukunuka. Kibuyu kilikuwa cha kupelekwa kwa wazee wa Likoni, nacho kilimpasukia Karisa mapajani. Lakini hilo halikuwa jambo lililomrudisha Boga mahabusu asubuhi hiyo. Katika miaka kumi na miwili ya kazi alikuwa amewasikia madereva wengi walioua. Wote husema breki zilikatika, au usukani uliachia. Hakuwahi kumsikia hata mmoja akisema usukani ulishika. Mwongo huazima uongo uliozoeleka, na huu haukuwa umezoeleka.

"Ulianza kuuona usukani mzito lini?"

"Fundi Abdurahman alipolitengeneza, lilikuwa laini kama samli. Kisha nikaenda matangani Kaloleni, siku nne. Niliporudi nikaliona zito kwenye kona. Nikamwambia tajiri. Akaniambia kitu kipya huwa kigumu, kitalainika chenyewe."

"Siku hizo nne lori lilikuwa na nani?"

"Lilikaa uani kwa tajiri. Labda Baya alilisogeza. Baya ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu Sidi. Ndiye aliyenitafutia kazi hii. Yeye anaendesha lori la pili, kule Galu, linabeba mawe ya hoteli inayojengwa."

"Amekuja kukuona?"

"Bado. Kazi imemshika."

Boga aliinuka, akajifuta vumbi magotini, akaagiza gari.

*

Lori lilikuwa limevutwa mpaka nyuma ya kituo kidogo cha Msambweni. Lilikuwa moja ya magari yale ambayo jeshi liliyauza baada ya vita, la rangi ya majani makavu, pua yake imebonyea. Fundi Abdurahman alikuwa ameshafika na kisanduku chake cha vyombo, ameketi kivulini. Alikuwa mtu wa makamo ya kuelekea uzee, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniita nije kulifungua, au nije kufungwa?"

"Kwanza ulifungue," alisema Boga. "Hilo la pili litajulikana humo ndani."

Koplo wa kituo alicheka. Abdurahman hakucheka. Alilala chali chini ya lori, akatazama kitambo, kisha akaita. "Njoo uone kabla sijagusa kitu."

Boga alivua kofia, akaingia chini ya lori. Fundi alikuwa akionyesha boliti nne zilizolishika boksi kwenye mwili wa lori. Pembe za vichwa vyake zilikuwa zimeviringika, na juu ya kila kichwa palikuwa na mchoro mwembamba unaong'aa.

"Hizi zimefunguliwa kwa spana ya mdomo wa kuongeza na kupunguza," alisema Abdurahman. "Tena mdomo wake una pengo. Pengo hilo ndilo lililochora. Mimi spana hiyo sinayo. Tazama kisandukuni mwangu."

Boga alitazama kisandukuni. Kulikuwa na spana za duara kumi na moja, kila moja na mahali pake, zimefutwa mafuta. Spana ya kuongeza na kupunguza haikuwamo. Hilo halikumthibitishia kitu, kwani mtu huweza kuiacha spana nyumbani, lakini aliliandika daftarini na kumwambia koplo atie saini chini yake.

Boksi lilishushwa. Lilikuwa zito kama mbuzi mdogo, limepakwa rangi nyeusi mbichi mbichi, na ubavuni limegongwa namba ya jeshi, kumi na saba. Walilibana kwenye jiliwa, kibano cha chuma juu ya meza. Abdurahman alishika nyundo kutaka kufungua kifuniko, Boga akamzuia mkono.

"Ngoja. Nataka kwanza nilizungushe mwenyewe."

Alitia chaki juu ya shafti kuonyesha mahali ambapo magurudumu huwa yamenyooka. Akatikisa kulia na kushoto, kidogo kidogo. Hapakuwa na ulegevu hata wa unene wa ukucha. Mkaguzi wa Mombasa alisema kweli. Gurudumu la mbele lilikuwa limekwama kwenye kisiki mtaroni, kwa hivyo aliloweza kufanya ni kutikisa tu hivyo hivyo, na alichokiona ndicho alichokiandika.

Boga akaendelea kuzungusha kuelekea kushoto. Mzunguko mmoja. Mzunguko mmoja na robo. Alipofika karibu na mmoja na nusu, mkono wake ulisimama. Alisukuma, likaenda kwa kusaga meno. Akajaribu kulirudisha. Halikurudi. Alitia nguvu zote mpaka jiliwa likanyanyuka upande mmoja wa meza, na boksi limeshika vilevile.

"Koplo, njoo ujaribu."

Koplo alikuwa mtu wa miraba minne. Alijaribu, akaacha, akajitazama viganja. Hakucheka tena.

"Sasa fungua," alisema Boga.

Abdurahman aliondoa kifuniko, akamwaga mafuta machafu ndani ya bakuli, akakipangusa kilichokuwamo kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na chuma kirefu chenye uzi kama parafujo nene, na kikipandana nacho, kipande cha gurudumu chenye meno matano. Meno mawili ya kila upande yalikuwa manene, makali, kama yametoka dukani. Jino la katikati lilikuwa limeliwa likawa jembamba kama kisu cha kumenyea muhogo.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," alisema Boga. "Jumatatu nitamweleza hakimu kwa maneno hayo hayo."

"Lori, siku zote, huenda moja kwa moja," alisema fundi. "Hili jino la katikati ndilo lifanyalo kazi kutwa. Haya ya pembeni huamshwa konani tu, kisha hulala. Kwa hivyo la katikati huliwa, na usukani ukalegea, ukawa unauzungusha robo nzima kabla gurudumu halijajua. Hapo fundi hubadilisha gia. Lakini asiye fundi huiona parafujo hii ya juu, akaikaza, akalisukuma jino lililoliwa mpaka likagusa. Ulegevu umekwisha. Ukijaribu barabara iliyonyooka utasema gari zima. Ukifika konani, yanakuja haya meno manene, na nafasi umeshaibana. Yanaingia kwa nguvu. Kutoka hayatoki."

Boga aliinama. Kwenye ubavu wa jino la mwisho la kushoto palikuwa na jeraha jipya, chuma kimechubuka na kung'aa. Pale ndipo mikono ya Karisa iliposhindwa.

"Bwana Sajini," koplo alinong'ona, "pingu ninazo."

Boga alimwashiria angoje. Alimgeukia fundi. "Mzee, mkaguzi ameandika jina lako. Boksi ulilitia wewe."

"Boksi nililolitia nililitia mimi. Hili silo."

"Kila fundi angesema hivyo."

"Angesema," alikubali Abdurahman. Alikuwa akijifuta vidole kimoja kimoja. "Bi Biasha amewapokea wanangu wote sita. Nimesimama mazikoni pake na watu wananitazama. Niulize unachotaka."

Boga alimpa kalamu na karatasi. "Nichoree lile ulilolitengeneza. Kila kitu kinachoweza kuonekana bila ya kulifungua. Na usiniambie kwa mdomo. Andika."

Fundi aliandika kwa muda mrefu, kwa herufi za Kiarabu, kisha akachora. Alipomaliza, Boga aliikunja karatasi bila ya kuisoma, akaitia ndani ya bahasha, akaifunga kwa lakiri, na koplo akatia saini juu ya lakiri.

"Utabaki hapa na koplo mpaka nirudi," Boga alimwambia. "Si kwamba nimekuhukumu. Sitaki mtu aje kusema kuwa ulinitangulia huko niendako."

"Nenda. Adhuhuri nitaswalia hapa hapa."

*

Hoteli ya Galu ilikuwa bado ni kuta za mawe ya matumbawe zinazofika kiunoni. Lori la pili la Sefu lilikuwa limesimama kando, vibarua wakishusha mawe. Nalo lilikuwa gari la jeshi, ndugu wa lile la Msambweni. Baya Kombe alikuwa ameketi mahali pa dereva, mlango wazi. Alipoliona gari la polisi alishuka upesi, akasimama, akawa kama aliyesahau alichoshukia.

"Hujambo, Baya. Lori lako linaendaje?"

"Linakwenda vizuri, Bwana Sajini."

"Usukani?"

Baya aliutazama mlango wa lori. "Mzuri."

"Umekuwa mzuri siku zote?"

"Ulikuwa umelegea. Ukatengenezwa."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Mhandisi wa hoteli alitaka kuyakagua malori kabla ya kuyapa kazi. Mwenye gari bovu hapewi."

Boga alimwambia azime injini na awaondoe vibarua. Akaivunja lakiri mbele ya macho yake, akaifungua karatasi na kusoma kwa sauti. Fundi alikuwa ameandika mambo mawili. La kwanza, boksi alilolitengeneza lilikuwa na namba ishirini na tatu ubavuni, sawa na namba iliyogongwa kwenye mwili wa lori la Karisa, kwa kuwa jeshi liligonga kila lori na vyombo vyake namba moja. La pili, alikosa gasketi ya kifuniko ya kuzuia mafuta yasivuje, akaikata mwenyewe kutoka kwenye karatasi ngumu ya kalenda ya mwaka 1955, nyekundu.

Boga aliingia chini ya lori. Alipangusa grisi kwa kiganja. Namba ya boksi ilikuwa ishirini na tatu. Akapangusa mwili wa lori, akakuta kumi na saba. Kisha akachukua kisu, akakwangua uchafu uliojikusanya baina ya boksi na kifuniko chake. Ukingo wa karatasi ukajitokeza, mwembamba kama uzi, mwekundu.

Alipotoka, Sefu Mwinyi alikuwa amesimama pale, amevaa kanzu safi na koti. Alikuwa akizungumza na mhandisi nyuma ya kuta, na alikuja bila ya haraka.

"Salaam aleikum, Sajini. Ungeniambia unakuja ningekuwekea kahawa."

"Waaleikum salaam. Nani amelitengeneza lori hili, Bwana Sefu?"

"Fundi Abdurahman. Ameyatengeneza yote mawili."

"Ananiambia ametengeneza moja."

"Basi amesahau, au ameona afadhali asahau. Kama amechanganya maboksi, akanitilia kongwe kwenye lile, hilo si langu kulijua. Mimi ni mfanyabiashara. Sijui ndani ya boksi mna nini."

Lilikuwa jibu zuri, na Boga alitambua kuwa liliandaliwa. Namba zilionyesha kuwa maboksi yalibadilishana nafasi. Hazikuonyesha mkono wa nani. Alimgeukia Baya.

"Niletee spana zako."

Baya hakutingishika. Boga alikwenda mwenyewe, akanyanyua kiti cha dereva. Chini yake mlikuwa na jeki, nyundo na spana moja tu, ya kuongeza na kupunguza. Alipitisha ukucha kwenye mdomo wake. Ukucha ulinasa kwenye pengo.

"Karisa alikwenda matangani siku nne," alisema Boga, polepole, akimtazama Baya na si tajiri wake. "Aliondoka na usukani laini, akarudi akaukuta mzito. Boliti zina alama ya spana hii. Naweza kuipeleka mahakamani, na hakimu ataielewa. Lakini spana haitasema nani aliyeitumia kwa hiari na nani aliyeamrishwa. Hilo atalisema mtu mwenye mdomo. Leo atakuwa shahidi wa kweli. Jumatatu, akishahukumiwa mtu mwengine, atakuwa nani?"

"Usimtishe mtumishi wangu," alisema Sefu.

"Mimi ndiye niliyeyabadilisha," alisema Baya.

"Baya."

"Mimi, Bwana Sajini. Tajiri aliniambia lile zuri nilitie hapa, mhandisi aone, na hili lililolegea nilitie kwenye lori la Karisa. Nikamwambia limelegea sana. Akaniambia kaza ile parafujo ya juu mpaka usisikie kitu, itatosha kwa juma moja, kisha tutayarudisha. Nikakaza. Nikalipaka rangi lionekane jipya, nikalijaribu uani, mbele na nyuma. Uani hamna kona." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maandishi. "Karisa aliporudi alimwambia tajiri kuwa ni zito konani. Mimi nilikuwapo. Alimjibu kuwa kitu kipya huwa kigumu. Nami nilijua si kipya, nikanyamaza."

Sefu alitazama kuta za hoteli. "Ilikuwa juma moja tu," alisema. "Mtu yeyote mwenye malori mawili angefanya hivyo."

"Huenda," alisema Boga. Aliingiza mkono kwenye lori, akautoa ufunguo.

"Mawe hayo yanangojwa, Sajini."

"Yatangojwa."

Alimtaka Sefu apande nyuma ya gari la polisi, akamtia pingu kwa kuwa sheria iliagiza hivyo, na Baya akapanda mbele bila ya kuambiwa. Walipitia Msambweni. Boga alimwomba fundi Abdurahman radhi mbele ya koplo, na fundi akaomba jambo moja tu, kwamba hayo maneno yasemwe pia msikitini Ijumaa. Boga alikubali kwenda kuyasema mwenyewe.

*

Jua lilikuwa limeinama walipofika Kwale. Sidi, mkewe Karisa, alikuwa ameketi kwenye ngazi za kituo na bakuli lililofunikwa, akingojea aruhusiwe kumpelekea mumewe chakula. Alipomwona ndugu yake akishuka garini aliinuka, na uso wake wote ukafunguka.

"Kaka. Umekuja."

Kanuni ilitaka Baya apelekwe moja kwa moja kwenye kitabu cha kituo. Boga alimwashiria askari amwingize Sefu kwanza, na yeye akasimama pale pale.

"Sidi," alisema Baya, "lile boksi la usukani nililitia mimi."

Hakuelewa. Ikabidi Baya amweleze tangu mwanzo, akionyesha kwa mikono jinsi alivyofungua na jinsi alivyokaza. Sidi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku sita," alisema. "Bi Biasha amezikwa, watu wanamwita mume wangu mlevi na muuaji, wanangu hawatoki nje. Na wewe ulikuwa Galu."

"Niliogopa."

"Mimi nilikuwa nikiwaambia watu kazi imekushika."

Sidi alimgeukia Boga, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Mume wangu atatoka leo?"

"Mwenye kumwachilia ni hakimu. Lakini shtaka naliandika upya sasa hivi, na jina lake halitakuwa juu ya karatasi. Jumatatu atarudi nyumbani."

"Na huyu?"

"Atalala hapa."

Sidi aliketi tena kwenye ngazi. Aliliweka bakuli magotini, akafunua kifuniko, akaikata sima kwa vidole vipande viwili vilivyolingana, na papa juu ya kila kipande. Kimoja alikiacha bakulini. Cha pili alikiweka juu ya kifuniko. Alimkabidhi Boga vyote viwili.

"Cha bakuli ni cha Karisa," alisema. "Hiki ni cha ndugu yangu. Nakuomba usiwaweke chumba kimoja."

Boga alivipokea, kila kimoja kwa mkono wake, akaingia navyo ndani.